Eda ya Mwanamke Niliyemtunga

Jambo hili lote, mpaka leo asubuhi, limenigharimu shilingi elfu thelathini na nne, wasomaji kumi na tisa waliokuwa wakilipa, na pea moja ya viatu vya ngozi niliyoiachia kwa bei ya kandambili kwa sababu mteja alikuja wakati nasikiliza sauti ya mama mmoja sikioni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili wasomaji walitoka ishirini, lakini huyo wa ishirini simu yake iliingia maji. Akinunua nyingine atarudi, kwa hiyo simweki kwenye hasara.

Nauza viatu vya mtumba Kibiti, ng'ambo ya barabara ukitokea stendi. Ni kazi ya kukaa. Asubuhi wanakuja watu wa mashamba, mchana wanakuja wenye kuuliza bei tu, na kuanzia saa nane hadi jua lipungue unaweza kukaa unatazamana na viatu mpaka viatu vikaona haya. Katika saa hizo ndipo nilipoanza kuandika hadithi. Si vitabu vya kuweka kabatini. Ni hadithi za vipande, kila kipande kama kurasa nne, naandika kwenye simu na kutuma kwenye kundi. Anayetaka kubaki kundini analipa elfu mbili kwa mwezi. Nilikuwa na watu sitini na mmoja: wa Bungu, wa Ikwiriri, wachache wa Dar es Salaam, na mmoja aliyesema yuko Oman, ingawa siku moja nilimwona sokoni hapa hapa Kibiti akipunguza bei ya dagaa.

Hadithi iliyoleta haya yote ilikuwa ya kawaida. Mwanamke wa bondeni, mume wake anachukuliwa na mto wakati wa mafuriko, mwili haupatikani. Anabaki na shamba la mpunga. Mwenye duka mmoja wa mjini, mtu wa mizani na kalamu sikioni, anampenda, anamposa, wanaoana. Hapo wasomaji wanafurahi, wanasahau. Kisha, kipande cha sitini, mume anarudi. Amekonda, ana ndevu, anapiga hodi mlangoni mwake na anayeitikia hodi ni mwenye duka. Huo ndio ulikuwa mzigo wangu wa chini ya meza, ule usiomwonyesha mteja mpaka umwone ana hela. Ndiyo maana mwili sikuutoa majini. Maiti ikionekana, mtu hawezi kurudi. Na tena, tuseme ukweli, maziko yanakula vipande viwili na hakuna anayelipia kusoma maziko.

Jambo moja zaidi kuhusu uandishi wangu: situmii tarehe. Tarehe inazeeka. Mtu akisoma mwakani anajiona anasoma habari za zamani, anadai apunguziwe. Mimi natumia mashamba. Nikisema mpunga unachanua, kila mtu wa Rufiji anajua ni lini, au ndivyo nilivyodhani. Mume wangu wa hadithi alichukuliwa na maji mpunga ukichanua. Mke akaolewa mikorosho ikiwa imetia maua. Nilihesabu katikati yake, nikahesabu tena. Miezi minne na ushee. Nikaridhika, nikatuma.

Siku ya pili yake nikapata ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja.

Aliyetuma nilimjua kwa namba tu. Alikuwa mama wa Mtunda, msomaji mzuri, alilipa miezi sita mbele na hakuwahi kusema neno. Msomaji wa namna hiyo ni kama mteja anayelipa bila kujaribu kiatu: unashukuru, lakini moyoni unangoja arudi. Basi akarudi. Alianza kwa salamu, dakika moja nzima, akaniulizia wazazi, biashara, na mvua. Kisha akasema:

"Mwanangu, huyu mwanamke umemwoza ndani ya eda."

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mumewe anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, haposwi, haolewi. Hilo halifundishwi, mtu anakua nalo kama anavyokua na meno. Kwa hiyo nilipomsikia nilicheka, nikampigia, nikamweleza kwa adabu kwamba mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Akaniuliza nimehesabu kwa mpunga upi.

Nilikuwa nimehesabu kwa mpunga wa mama yangu, upande wa Mahege, ule wa juu unaopandwa na mvua za mwanzo. Huo unachanua mapema. Yeye akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mto hauchukui watu mlimani. Mtu akichukuliwa na mto yuko bondeni, na mpunga wa bondeni unachelewa, tena mwaka wa maji unachelewa zaidi. Toka uchanue huo mpaka mikorosho itie maua ni miezi mitatu na siku za kuhesabu kwa mkono mmoja. Mwenye duka wangu, pamoja na mizani yake yote, alikuwa amefunga ndoa batili mbele ya watu sitini na mmoja.

Mimi ni mtu wa sokoni. Ukinikamata na kosa sikatai, naanza kupatana. Nikamwambia mama, huyu ni mtu wa kubuni.

"Wa kubuni ndiyo asikae eda?"

Nikamwambia nitaongeza sentensi moja kabla ya harusi, niseme siku zilipotimia. Akaniambia siku hazitimii kwa kusema zimetimia. Nikapanda: nitaongeza aya nzima, mvua inyeshe, ikatike, mwanamke aonekane dirishani amechoka. Akasema anataka korosho zianguke. Nikamwambia zikianguka tutakuwa tumepita miezi sita, hiyo ni zaidi ya anachodai. Akasema zaidi haidhuru, pungufu ndiyo haramu. Sijawahi kupatana na mtu wa namna hiyo. Mteja wa kawaida anaanzia chini na wewe unaanzia juu, mnakutana njiani. Huyu alianzia palepale alipotaka kumaliza.

Nikaifuta harusi. Nikatuma kipande kipya kinachosema kile cha jana kihesabiwe hakikusomwa. Kundi liliwaka. Mmoja alisema alikwisha kumsimulia mkewe pilau lote mpaka zabibu, sasa anaonekana mwongo nyumbani kwake. Mwingine aliuliza kama harusi imefutwa, na hela zinarudi? Watu saba wakaondoka siku ile ile. Na yeye mwenyewe, aliyesababisha, akanitumia ujumbe mwingine, wa dakika nane, kunishukuru, na mwishoni akauliza kitu kidogo tu. Huyu mwanamke, alisema, anahesabu toka siku ipi?

Sikuelewa. Akanifafanulia. Maji yalimchukua mtu siku moja. Habari ilifika siku nyingine. Watu wakatafuta, wakatafuta, wakaacha kutafuta siku ya tatu ambayo si hiyo wala hiyo. Na mwili haukuonekana. Sasa mwanamke akitaka kuanza eda anaanza ipi katika hizo tatu? Na je, kama hajui kwamba amekufa, anaanzaje?

Nikahesabu. Kwa siku ya kwanza, eda inaisha kabla ya korosho. Kwa siku ya tatu, inaisha korosho zikiwa chini. Kwa maelezo ya mwisho haiishi, kwa sababu haijaanza. Nikahesabu tena, ikatoka vile vile, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana mimi nikihesabu mara mbili huwa napata majibu mawili.

Nikaenda kwa shehe wa mtaa wetu baada ya sala ya alasiri. Nikamweleza: mwanamke fulani, mume kachukuliwa na mto, mwili hakuna, anahesabu toka lini? Akavaa uso wa kazi, akaniuliza ni nani huyu, mtoto wa nani, tumpeleke kwa kadhi, maana habari ya mtu aliyepotea si ya kuamuliwa barazani. Nikaona nimefika pabaya. Nikasema, hayupo, shehe. Nimemtunga.

Akainuka.

"Basi na eda yake itunge," akasema, akachukua viatu vyake, ambavyo ni mimi niliyemuuzia.

Nikatunga. Niliandika kwamba alihesabu toka siku waliyoacha kutafuta, nikaliona jambo limekwisha. Halikuisha. Siku mbili baadaye simu ikalia, nimetumiwa elfu kumi. Nikadhani ni malipo ya miezi mitano. Baadaye ukaja ujumbe wa maneno machache kutoka kwa mama wa Mtunda: hiyo ni rambirambi ya yule mwanamke, nimfikishie.

Nimeandika miaka sita. Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuposwa, nimewahi kuombwa nimfukuze mhusika kazi. Rambirambi sikuwahi kupokea. Nilizitazama zile fedha kwenye simu kama unavyotazama kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Kuzila ni kula mali ya mjane. Kuzirudisha ni kukataa rambirambi, na kwetu hilo linakaribia kuwa tusi. Na mjane mwenyewe hana simu, hana mkono wa kupokelea, hana hata jina, maana sikuwa nimempa.

Nikaziacha zikae. Yeye akaendelea na masahihisho. Sasa alikuwa ameshuka kwenye mafuriko yenyewe. Niliandika maji yalikuja na ngurumo. Akasema hapana, maji ya mto huu hayana kelele. Yanapanda kama uji jikoni, ukiyatazama huyaoni yakipanda, ukigeuka na kurudi mafiga hayapo. Niliandika kwamba dungu lilipasuka, nikimaanisha kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa bondeni wanalindia mpunga. Akasema dungu halipasuki, linalala. Nguzo moja inalegea, halafu linalala taratibu kama mtu aliyechoka. Niliandika magunia yanaelea. Akasema mpunga ukiloa hauelei.

"Angekuwa anajua hayaelei, asingerudi kuyachukua."

Niliusikiliza ujumbe huo mara mbili, kisha mara ya tatu, na hapo ndipo viatu vya ngozi vilipoondoka. Mteja alishika, akataja bei, mimi nikaitikia kwa kichwa. Kwa sababu kwenye hadithi yangu hakuna aliyerudi kuchukua magunia. Mume niliyemtunga alikuwa anavuka kwenda kwa dada yake.

Nikaamua kwenda Mtunda. Nilijiambia naenda kurudisha rambirambi mkono kwa mkono, kwa kuwa kutuma kwa simu kuna makato. Nilipatana na bodaboda toka elfu kumi na tano hadi elfu tisa, kwenda na kurudi, na kungoja bure. Njiani akaniuliza naenda kumwona nani. Nikamwambia msomaji. Akaniuliza anaumwa?

Nyumba niliipata kwa kuulizia mara moja tu. Niliposema namtafuta mama anayesoma hadithi za kwenye simu, mwanamke aliyekuwa akitwanga karibu na njia aliniangalia juu mpaka chini, akasema, yule asiyetaka kukaa, nyumba ya pili, ile yenye mchungwa. Asiyetaka kukaa. Sikuuliza kukaa wapi.

Barazani alikuwapo mwanamume mmoja wa makamo, amekalia kiti cha kamba, anatengeneza mpini wa jembe. Mwenyewe mama alitoka ndani kwa salamu ndefu zile zile za kwenye simu, akaniambia karibu mwandishi, mbona mdogo. Alinizidi miaka kumi, ukimpunja. Alikuwa amevaa khanga nyekundu mpya, macho yana wanja, na mikono imepakwa hina. Hina yenyewe ilikuwa mbichi. Niliiona, na nikaona kwamba yule mwanamume pia anaiona, na kwamba kila siku anaiona.

Yule alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ni yeye aliyenieleza, mama alipoingia ndani kutengeneza chai, kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vilivyoibwa. Kaka yake alikwenda dunguni Alhamisi kuokoa magunia manne. Jumapili watu wa mitumbwi walilikuta dungu limelala. Walitafuta siku kumi na mbili. Walimsomea khitima bila maiti. Toka hapo mpunga umevunwa mara moja na sasa unachanua tena, na shemeji yake hajakaa eda hata siku moja. Anajipaka hina, anakwenda gulioni, anacheka. Mambo ya kadhi ameyakataa, kila wakimpangia siku anaumwa. Shamba lipo, eka mbili na nusu, haliuziki, haligawiki, halilimwi vizuri. Dada zao wanataka haki yao. Kwake yeye mwenyewe, aliniambia, haki haina haraka. Tatizo si shamba.

"Ndugu yangu hana kaburi, hana eda. Ana hadithi ya kwenye simu."

Akaniuliza mimi ndiye ninayemwandikia. Nikasema naandikia watu sitini, kisha nikasahihisha, hamsini na wanne. Akasema toka nimeanza hadithi hii, kila wakimwambia kaa, anawaambia ngojeni tuone. Wakamuuliza tuone nini? Akawaambia yule wa bondeni ataanzaje. Mwisho wamekubaliana kikao kimoja cha mwisho, watu wote wa ukoo, hadithi ikiisha. Ukoo mzima unaningoja mimi nimalize. Alisema hivyo akiwa anachonga mpini, na nilishukuru kwamba ni mpini.

Mama akarudi na chai na mihogo ya kuchemsha. Nikatoa zile elfu kumi, nikaziweka kwenye mkeka. Akazitazama kama hazijui. Nikamwambia, mama, yule mwanamke hayupo, sikuweza kumfikishia. Akasema anajua hayupo, yeye si mjinga. Akanisukumia noti kwa kidole kimoja. Nikazirudisha. Akazisukuma. Tulipatana hivyo bila maneno mara tatu, na mwisho zikabaki katikati, na ninavyojua mimi bado zipo pale.

Kisha nikamuuliza kile nilichokwenda kuuliza bila kujua: anataka nini hasa kwenye hadithi yangu?

"Mtoe majini," alisema. "Mzike. Mtie siku."

Nikamwambia siwezi kumzika mtu kwa sababu ya masahihisho. Shemeji yake alicheka puani. Mama hakucheka. Alikaa chini, akakunja miguu, akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya dukani. Akikaa eda bila siku, amemuua mumewe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuchagua Alhamisi au Jumapili. Hawezi kuchagua. Akichagua Alhamisi, kila akiamka Ijumaa anamwona bado yuko hai. Asipokaa, wanamwita mkaidi, na yeye anajiona mkaidi pia.

"Wewe wako ulimzamisha mwenyewe, siku unaijua. Mtangulize yeye. Nimwone anavyokaa, nami nikae."

Nilikunywa chai iliyokuwa ya moto sana, yote. Sikumwambia kuhusu kipande cha sitini. Ningemwambiaje? Kwamba nilikwisha kuandika kwamba anarudi? Kwamba watu hamsini na wanne wamelipa, bila kujua, ili mwanamume mwenye ndevu apige hodi? Yeye anataka mwili. Mimi ninacho kimbaumbau kilicho hai, kiko tayari, kina mpaka mstari wake wa kwanza wa kusema.

Shemeji alinisindikiza mpaka kwa bodaboda, ambaye alikuwa amelala kando ya chombo chake na sasa anadai ungojaji haukuwa bure. Tulipokuwa tumefika mbali na nyumba, yule bwana alisimama. Alikuwa bado na mpini mkononi.

"Sasa niambie mimi tu. Anarudi?"

Nilimuuliza nani. Akasema huyo wa kwenye hadithi, yeye humsikiliza shemeji yake akikisoma kila kipande kwa sauti, hajakosa hata kimoja. Aliuliza akiangalia upande wa mto, si upande wangu. Na hapo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu mwenye kudai kaka yake azikwe ndiye aliyekuwa anataka arudi, na asiyetaka kukaa eda ndiye aliyekuwa anataka maiti. Nikamjibu jibu la sokoni. Nikamwambia mzigo bado haujafunguliwa. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa ndiyo.

Nikarudi Kibiti. Bodaboda nilimwongezea elfu moja, bila kubishana, na hilo peke yake litakuambia nilikuwaje.

Kilichofuata si cha kujisifu. Nilikuwa kwenye kipande cha hamsini na moja. Kwa mahesabu ya kawaida ilibaki wiki tatu kufika sitini, na kikao. Nikaanza kuvuta muda, nikapunguza na kasi ya kutuma. Nilimpa yule mwanamke mbuzi, kisha nikampoteza mbuzi. Kipande cha hamsini na mbili anamtafuta kwa majirani. Cha hamsini na tatu anamtafuta njia ya Bungu. Cha hamsini na tano anamwona mbuzi anayefanana naye, si yeye. Wasomaji walistahimili mpaka cha hamsini na saba, wakaanza kuondoka wawili wawili. Mmoja aliandika kwamba yeye alilipia mapenzi, si mifugo. Yule wa Oman alisema nimwuze huyo mbuzi hadithi iishe. Walipofika kumi na wawili, pamoja na wale saba wa harusi, ndiyo hao kumi na tisa.

Wakati wa mbuzi niliandika kipande cha sitini mara mbili. Kimoja ni kile cha zamani, hodi na ndevu, ila bila mwenye duka, maana harusi ilikwisha kufutwa. Kingine ni cha wavuvi wa kamba wanaokuta mtu kwenye mizizi ya mikoko kule deltani, ambako mto unatawanyika na kuingia baharini, wanamjua kwa mkanda wake, wanamsitiri, wanamzika siku hiyo hiyo, na mwanamke anaambiwa: ni leo. Kuanzia leo. Nilikiandika kwa saa moja, dukani, bila kufuta neno. Ni maziko mazuri. Hakuna ngurumo ndani yake.

Halafu nikakisoma kama angekisoma shemeji yake, nikaona nimemuua kaka wa mtu. Nikakisoma kile kingine kama angekisoma mama, nikaona nimemwachia mlango wazi maisha yake yote, kila hodi aitikie yeye. Nikajaribu kipande cha tatu ambacho hakuna kinachotokea, mwanamke anachagua tu siku yoyote, Jumatano, siku isiyo na habari, anasema nitaanza leo kwa sababu leo nimeweza. Kinanivutia kuliko vyote. Lakini hicho ndicho alichoniambia hawezi, na mimi ni nani wa kumwandikia awezacho? Nilitaka nimuulize shehe tena, safari hii nimtaje mwenyewe aliye hai. Nilifika mpaka mlangoni pa msikiti. Nikafikiri kwamba siri si yangu, na kwamba kadhi anajua hukumu, lakini yeye mama hajaniomba hukumu, ameniomba mtu wa kumtangulia. Nikarudi dukani.

Juzi nilipata ujumbe wake wa sauti. Ulikuwa wa sekunde sita, mfupi kuliko wote. Hakunisalimia.

"Mwandishi, mbuzi ametosha. Kikao ni Jumapili."

Leo ni Ijumaa. Mvua imekatika, stendi imechangamka, na nimeuza pea mbili tangu asubuhi, zote kwa bei yake. Vipande vitatu vya sitini viko kwenye simu, kila kimoja kinangoja kidole. Nimehesabu faida ya kila kimoja na hasara yake. Nimehesabu tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara sijapata hata jibu moja, sembuse mawili.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, ambaye hujalipa na hunidai: nitume kipi? Kama ni cha kuzika, mtu huyu nimzike siku gani, Alhamisi alipokwenda, Jumapili lilipokutwa dungu, au Jumapili hii inayokuja? Usinijibu kama msomaji, wasomaji ninao. Nijibu kama mtu ambaye mama yule angekuwa shangazi yake, na yule mwenye mpini angekuwa baba yake mdogo, na wote wawili wamekaa mkeka mmoja na simu iko katikati. Jibu liwe limenifikia kesho kabla ya adhuhuri, maana yeye hukisoma kipande kwa sauti, na anahitaji usiku mmoja wa kukipitia peke yake kwanza.